Je, Waisraeli wa kale walimwabudu Mungu mmoja tangu mwanzo?

Kwenye sebule nyingi za Wakristo wa Afrika Mashariki kuna kibao au kitambaa kilichodariziwa maneno haya: "Mimi na nyumba yangu tutamtumikia Bwana." Ni Yoshua 24:15, au tuseme kipande chake cha mwisho. Kipande cha kwanza hakitundikwi ukutani. Humo Yoshua anawapa Waisraeli uchaguzi: kama hawamtaki Bwana, basi wachague miungu ambayo baba zao waliitumikia ng'ambo ya Mto, au miungu ya Waamori ambao wanakaa katika nchi yao. Na ukisogea hadi aya ya 23, anawaamuru waiondoe miungu migeni iliyo kati yao. Humwambii mtu aondoe kitu ambacho hana.

Nimeutanguliza mstari huo kwa sababu ya ubishi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na video fupi. Anatokea mtu na picha ya mtungi wenye michoro, anatangaza kwamba wanaakiolojia wamegundua Mungu wa Biblia alikuwa na mke, kwa hiyo imani ya Mungu mmoja ni hadithi iliyotungwa baadaye. Anajibiwa kwa hasira kwamba Israeli haikumjua mwingine tangu Ibrahimu, na anayesema vingine anatukana dini. Wa kwanza anadai zaidi ya ushahidi alio nao. Wa pili, kwa nia njema kabisa, anakana kilichoandikwa katika kitabu anachokitetea.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kuna mtu anayeabudu miungu mingi: huyu wa mvua, yule wa uzazi, mwingine wa vita. Kuna anayeabudu mmoja tu, lakini hakani kwamba ipo mingine. Kwake hiyo ni ya jirani, si yake. Na kuna anayesema hakuna mwingine popote, wala hajawahi kuwapo, na hivyo vinavyoitwa miungu ni mbao na mawe. Msimamo huu wa tatu ndio Waislamu wanaouita tauhidi, na ndio Wakristo na Wayahudi wa leo wanaoukiri.

Shida ni kwamba katika mazungumzo ya kawaida wa pili na wa tatu wote tunawaita watu wa Mungu mmoja. Mume anayemkataza mkewe asitoke na wanaume wengine hasemi kwamba mtaani hakuna wanaume wengine. Tena akiona wivu, ni kwa sababu anajua wapo. Mfano huu ni wa manabii wenyewe: Hosea na Yeremia walimsema Yahwe kama mume aliyesalitiwa, na Amri Kumi zinamwita Mungu mwenye wivu. Kwa hiyo "usiwe na miungu mingine" na "hakuna miungu mingine" ni kauli mbili. Ya kwanza inadai uaminifu, ya pili inaeleza jinsi ulimwengu ulivyo.

Jambo jingine ni nani hasa tunamzungumzia tukisema "Israeli". Nabii aliyekuwa akipaza sauti mlangoni pa hekalu, mfalme aliyejenga madhabahu ili kupatana na wakwe zake wa kigeni, na mama wa kijijini aliyeomba ajifungue salama, wote walikuwa Israeli. Hawakuwa na dini ya namna moja.

Katika makala hii naandika Yahwe, jina la Mungu wa Israeli lenye herufi nne za Kiebrania, ambalo Biblia zetu kwa kawaida huliweka kama Bwana. Bila jina hilo hadithi haieleweki, kwa kuwa majirani nao walikuwa na miungu yenye majina: Kemoshi wa Moabu, Milkomu wa Waamoni, Baali wa Wakanaani na Wafoinike.

Biblia haifichi

Kwa mtu anayeisoma Biblia kwa utulivu, swali la kama Waisraeli waliabudu miungu mingine lina jibu kurasa baada ya kurasa. Raheli anaiba miungu ya nyumbani ya baba yake, anaificha katika matandiko ya ngamia na kuyakalia. Yakobo anakusanya miungu migeni ya watu wa nyumbani mwake na kuizika chini ya mwaloni pale Shekemu. Hata nyumbani kwa Daudi palikuwa na sanamu ya nyumbani, kubwa kiasi cha mke wake Mikali kuilaza kitandani na kuifunika ili watu wa Sauli wadhani ni mumewe amelala. Mwandishi anaisimulia hii bila kushtuka hata kidogo, na hapo ndipo panaponishangaza mimi zaidi.

Wafalme wa Pili inasema mfalme Manase aliweka sanamu ya Ashera, mungu wa kike, ndani ya hekalu la Yerusalemu. Mfalme Yosia alipokuja kulisafisha mnamo mwaka 622 KK, alikuta humo vyombo vya Baali, vya Ashera na vya jeshi la mbinguni, wanawake waliokuwa wakimfumia Ashera nguo, na mlangoni farasi waliowekwa wakfu kwa jua. Yote haya yalikuwa katika nyumba ya Yahwe yenyewe, mji mkuu, miaka zaidi ya 300 baada ya Sulemani.

Lakini mahali pa kukaa na kusoma polepole ni Yeremia 44. Yerusalemu imekwisha kuchomwa na Wababeli, na baadhi ya Wayahudi wamekimbilia Misri. Yeremia anawaambia kwamba maafa yamewapata kwa sababu ya kufukizia uvumba miungu mingine. Wao wanamjibu uso kwa uso kwamba hawatamsikiliza. Wataendelea kumfukizia uvumba Malkia wa Mbinguni, mungu wao wa kike, na kummiminia sadaka za kinywaji, kama walivyofanya wao, baba zao, wafalme wao na wakuu wao katika miji ya Yuda na njia za Yerusalemu. Wakati ule, wanasema, chakula kilikuwa tele na hatukuona mabaya. Tangu tulipoacha, tumepungukiwa na kila kitu, tumeangamizwa kwa upanga na njaa. Kisha wanawake wanaongeza: tulipomtengenezea mikate yenye mfano wake, je, waume zetu hawakujua? Sura ya 7 ilikwisha kutuonyesha kazi hiyo ikigawanywa nyumbani: watoto wanaokota kuni, baba wanawasha moto, mama wanakanda unga.

Hawa hawakuwa wapagani waliovamia. Ni Wayahudi wa kawaida, wenye hoja, wanaousoma msiba uleule kinyume na nabii. Yeremia anasema tumepigwa kwa sababu mlimwabudu, wao wanasema tumepigwa kwa sababu tuliacha. Mageuzi ya Yosia, ambayo sisi tunayasoma kama ushindi, kwao yalikuwa chanzo cha balaa.

Qur'ani nayo inasimulia hali hiyo. Katika Surat Al-A'raf, Wana wa Israeli wametoka tu kuvushwa bahari, wanapita kwa watu wanaoabudu masanamu, na wanamwomba Musa awafanyie mungu kama hao walivyo na miungu. Katika Surat As-Saffat, Ilyas anawauliza watu wake vipi wanamwomba Baali na kumwacha Mbora wa waumbaji. Kwa mafundisho ya Kiislamu, wito wa mitume ulikuwa tauhidi siku zote. Walioyumba ni watu. Historia haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba Mungu ni mmoja, hilo ni la imani. Inachoweza kuchunguza ni watu waliabudu nini, wapi na lini.

Walipoimba kwamba hakuna kama yeye

Wimbo wa baharini katika Kutoka 15 unauliza: katika miungu, ni nani aliye kama wewe, ee Bwana? Sifa ya namna hiyo ina nguvu pale tu ambapo wa kulinganishwa naye wapo. Zaburi ya 82 inaonyesha Mungu amesimama katika kusanyiko la kimbingu, anaihukumu miungu katikati yao kwa kuwa imewaonea maskini na yatima, na mwisho anaiambia itakufa kama wanadamu. Wapo wanaofasiri "miungu" hapo kuwa mahakimu wa kibinadamu, na ni ufafanuzi wa zamani. Hata hivyo mtu hatishiwi kwamba atakufa kama wanadamu ikiwa yeye ni mwanadamu.

Mwamuzi Yefta, anapobishana mpaka na mfalme wa Waamoni, anamwambia: wewe miliki alichokupa mungu wako Kemoshi (ndivyo aya isemavyo, ingawa Kemoshi alikuwa wa Moabu), nasi tutamiliki alichotupa Yahwe. Naamani wa Shamu, baada ya kuponywa ukoma, anamwomba Elisha udongo wa kubebwa na nyumbu wawili aende nao kwao, kana kwamba Mungu wa Israeli huabudiwa juu ya ardhi ya Israeli. Katika Wafalme wa Pili sura ya 3, mfalme wa Moabu anazidiwa vitani, anamtoa mwanawe mrithi sadaka juu ya ukuta, "ghadhabu kubwa" inawajia Israeli, nao wanarudi kwao. Ghadhabu ya nani, mwandishi hakusema.

Mfalme huyo aliitwa Mesha, na tunayo sauti yake mwenyewe. Mwaka 1868 jiwe lake lilipatikana Dhiban, katika Yordani ya leo, na sasa liko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Liliandikwa katika karne ya 9 KK. Mesha anaeleza kwamba mfalme Omri wa Israeli aliitesa Moabu siku nyingi kwa sababu Kemoshi aliikasirikia nchi yake, kisha Kemoshi akarudi na kumpa ushindi, naye akavichukua vyombo vya Yahwe na kuviburuta mbele ya Kemoshi. Badilisha majina tu, utadhani unasoma Kitabu cha Waamuzi. Moabu na Israeli walizungumza lugha za karibu na waliwaza karibu sawa: kila taifa na mungu wake, akikasirika unapigwa, akiridhika unashinda.

Kumbukumbu la Torati 32:8 unafungua dirisha jingine. Maandishi ya Kiebrania yaliyozoeleka yanasema Aliye Juu aliweka mipaka ya mataifa kwa hesabu ya wana wa Israeli. Kipande cha hati za Bahari ya Chumvi, ambacho ni cha zamani zaidi ya nakala hizo kwa miaka karibu 1,000, kinasema kwa hesabu ya "wana wa Mungu". Aya inayofuata inasema fungu la Yahwe ni watu wake, Yakobo. Wasomi wengine wanasoma hapo kumbukumbu ya Mungu mkuu aliyegawia viumbe wa mbinguni mataifa, na Yahwe akapata Israeli. Wengine wanasema Aliye Juu na Yahwe ni mmoja tangu mwanzo wa shairi. Ubishi huo haujaisha. Lakini sioni kwa nini mwandishi yeyote wa baadaye abadilishe "wana wa Israeli" kuwa "wana wa Mungu". Kinyume chake ndicho kinachoeleweka.

El, Yahwe na majirani

Mwaka 1928 mkulima mmoja aliyekuwa akilima karibu na pwani ya Syria aligonga jiwe la kaburi. Mwaka uliofuata Wafaransa wakaanza kuchimba, na mji wa Ugarit ukatoka ardhini pamoja na vibao vya udongo vyenye hadithi za miungu. Mji huo uliangamizwa mwanzoni mwa karne ya 12 KK. Kiongozi wa miungu ya huko ni El, mzee mwenye huruma na hekima. Mke wake ni Athirati, jina ambalo kwa Kiebrania ni Ashera, na wana wao ni 70. Kijana mwenye nguvu ni Baali, mpanda mawingu, mwenye ngurumo na mvua.

Waisraeli walikuwa wakiyasikia majina haya tangu wapate jina lao wenyewe, kwa kuwa Israeli imemchukua El, si Yahwe. Mwanzo inataja mahali pa kale kwa jina la El: El Elyoni huko Salemu, El Olamu huko Beer-sheba, El Betheli. Na Kutoka 6:3 inasema waziwazi kwamba Ibrahimu, Isaka na Yakobo walitokewa na El Shadai, na kwamba kwa jina la Yahwe hakujulikana kwao. Muumini anasoma hapo Mungu yuleyule akijifunua hatua kwa hatua. Wanahistoria wengi wanasoma mapokeo mawili yaliyoungana: El wa Kanaani, na Yahwe ambaye mashairi ya kale humwonyesha akitoka kusini, Seiri, Temani na Parani. Baali yeye hakuunganishwa, alipigwa vita. Ila sifa zake, wingu, ngurumo na ushindi juu ya bahari, Zaburi zinampa Yahwe.

Mitungi ya jangwani

Sasa ile picha ya WhatsApp. Mwaka 1975 na 1976, Ze'ev Meshel na wenzake walichimba kilima kiitwacho Kuntillet Ajrud, kaskazini mashariki mwa Sinai, kituo cha njiani kilichotumika mnamo mwaka 800 KK. Walikuta mitungi miwili mikubwa iliyochorwa na kuandikwa kwa wino. Mmoja una salamu ya baraka, ya aina ambayo watu huandika mwanzoni mwa barua: nawabariki kwa Yahwe wa Samaria na kwa Ashera wake. Mwingine unamtaja Yahwe wa Temani na Ashera wake. Miaka michache kabla, mwaka 1967, William Dever alikuwa amekuta maandishi ya kaburini huko Khirbet el-Qom, karibu na Hebroni, yakimbariki mtu aitwaye Uriyahu kwa Yahwe, na Ashera wake akitajwa tena.

Chini ya salamu ya mtungi wa kwanza kuna watu wawili wamesimama mikono kiunoni, na pembeni mwanamke anayepiga kinubi. Video husema: huyo ni Yahwe na mkewe. Hapo ndipo zinapokwenda mbali mno. Wale wawili wana sura ya Besi, kibwengo mlinzi wa Kimisri aliyependwa eneo lote, na maandishi yamepanda juu ya kilemba cha mmoja wao, dalili kwamba mchoro na salamu huenda havikufanywa pamoja. Zaidi ya hayo, Kiebrania hakina kawaida ya kusema "fulani wake" kwa jina la mtu. Hivyo wasomi wengi wanaona "ashera wake" ni ile nguzo au mti mtakatifu uliosimamishwa kando ya madhabahu, ambao Biblia nayo huuita ashera. Wengine wanajibu kwamba nguzo ya mungu wa kike haiachani na mungu wa kike mwenyewe. Mimi nadhani mitungi inathibitisha jambo dogo kuliko "mke", na bado ni zito: watu waliomtaja Yahwe kwa heshima waliona ashera ni mali yake, si ya adui yake.

Na Biblia inakubaliana nao kuhusu Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini wa Israeli. Yehu, aliyejisifu kwa wivu wake kwa ajili ya Yahwe, aliwaua waabudu wa Baali na kugeuza hekalu lao kuwa choo. Lakini katika Wafalme wa Pili 13:6, mwanawe Yehoahazi akiwa mfalme, tunaambiwa Ashera alikuwa bado amesimama Samaria. Yehoahazi alitawala karibu na mwaka 800 KK, wakati uleule wa mitungi. Mfalme aliyemfuta Baali kwa upanga hakuona kosa la Ashera.

Katika nyumba za Yuda za karne ya 8 na ya 7 KK yamepatikana pia mamia ya vinyago vidogo vya udongo vya mwanamke aliyeshika matiti yake, vingi mjini Yerusalemu. Kama ni Ashera, au hirizi ya uzazi na maziwa tu, hakuna aliyeandika.

Kuna upande wa pili wenye uzito. Yehezkel Kaufmann, msomi wa Kiyahudi wa karne ya 20, alishikilia kwamba Israeli ilikuwa ya Mungu mmoja tangu Musa, na ibada za sanamu zilikuwa za juujuu. Mwaka 1986 Jeffrey Tigay alikusanya majina ya watu kwenye mihuri na maandishi ya kabla ya kuanguka kwa Yerusalemu, akaonyesha kwamba majina yanayomtaja mungu kwa sehemu kubwa mno yanamtaja Yahwe. Baali yumo machache, hasa kaskazini. Biblia yenyewe inamtaja Eshbaali mwana wa Sauli na Beeliada mwana wa Daudi. Ushahidi huu unazuia kusema kwamba Yahwe alikuwa mmoja tu kati ya wengi. Hauzuii kwamba familia iliyomwita mtoto wake Uriyahu ilikanda pia mikate ya Malkia.

Kushindwa vita kulivyobadilisha swali

Wito wa kumwabudu Yahwe peke yake ni wa zamani. Hadithi za Elia zinauweka katika karne ya 9 KK, na Hosea anaushikilia katika karne ya 8. Walikuwa wachache, wakati mwingine wakiwindwa. Kilichowapa nguvu ni historia. Samaria iliangukia mikononi mwa Waashuru mnamo mwaka 722 KK, kama manabii walivyoonya. Mfalme Hezekia wa Yuda akavunja nyoka wa shaba wa Musa kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Yosia akafunga mahali pa juu, yaani madhabahu za vilimani, na kuacha hekalu moja.

Kisha mwaka 586 KK hekalu hilo likachomwa. Kwa hesabu za kawaida za zama zile, mungu wa taifa lililoshindwa ama amekasirika ama amezidiwa, na watu waliohamishwa humezwa na miungu ya waliowashinda. Katikati ya uhamisho huo ndipo zikaandikwa sura za Isaya kuanzia ya 40, ambazo wasomi wengi wanaziona kuwa za nabii wa baadaye kuliko Isaya wa Yerusalemu. Humo kauli inabadilika. "Mimi ni Bwana, wala hapana mwingine." Kumbukumbu la Torati sura ya 4 inasema vivyo hivyo, na wengi wanaiweka wakati huo. Isaya anamcheka seremala anayekata mti, nusu anaokea mkate, nusu anaifanya mungu. Anawaelezea Beli na Nebo, miungu wakubwa wa Babeli, wakiwa mizigo juu ya wanyama waliochoka.

Halafu anafanya jambo ambalo Mesha asingelithubutu: anamwita Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua Yahwe, masihi wake. Koreshi aliutwaa Babeli mwaka 539 KK. Maandishi yake kwenye silinda ya udongo, iliyochimbuliwa mwaka 1879 na kuwekwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London, yanasema aliyemchagua na kumshika mkono ni Marduki, mungu wa Babeli. Watu wawili, tukio moja, kila mmoja anadai ni Mungu wake aliyemtuma. Aliyekuwa na mahekalu na jeshi ni wa Marduki. Aliyesema kwa niaba ya Yahwe hakuwa hata na madhabahu. Hoja yake ilikuwa kwamba Mungu anayeweza kumtumia mfalme wa watu wengine si wa taifa moja, na kama ndiye aliyeumba mbingu na nchi peke yake, hao wengine hawana kazi iliyobaki. Lile kusanyiko la mbinguni halikufutwa. Wajumbe wake wakawa malaika.

Haikuwa kupanda ngazi

Wapo wanaosema Musa aliiga kwa Farao Akhenaton, aliyeinua jua lake Aten juu ya miungu yote katika karne ya 14 KK. Dini ile ilizimwa miaka michache baada ya kufa kwake, hakuna kiungo kinachoonekana kati yake na Israeli, na kauli wazi ya "hapana mwingine" inatokea karne nyingi baadaye katika mazingira mengine kabisa.

Kosa lililo kubwa zaidi ni kudhani kwamba baada ya Isaya kila mtu alielewa. Katika kisiwa cha Elephantine, ndani ya Mto Nile karibu na Aswan, waliishi askari wa Kiyahudi waliotumikia Waajemi. Walikuwa na hekalu lao la Yahu, kama walivyolitamka jina la Yahwe, na walitoa sadaka za kuteketezwa. Mwaka 410 KK lilibomolewa kwa hila ya makuhani wa mungu Khnumu. Walimwandikia kuhani mkuu wa Yerusalemu, hawakujibiwa. Mwaka 407 KK wakamwandikia Bagohi, liwali wa Yuda, wakieleza jinsi walivyovaa magunia, wakafunga na kumwomba Yahu, Bwana wa mbinguni.

Kutoka kwa watu haohao kuna orodha ya mchango ya mnamo mwaka 400 KK. Juu imeandikwa majina ya waliotoa fedha kwa ajili ya Mungu Yahu, kila mtu shekeli 2. Lakini kwenye jumla fedha inagawanywa kwa watatu: Yahu karshi 12 na shekeli 6, Eshembetheli karshi 7, Anatbetheli karshi 12, karshi moja ni shekeli 10. Anati ni mungu wa kike wa Kanaani, na fungu lake halikupungua sana chini ya fungu la Yahu. Hii ni zaidi ya miaka 100 baada ya "hapana mwingine", na mhasibu hakuona haja ya kueleza chochote.

Hata katika karne ya 2 KK, Wayahudi walipokuwa wakiuawa kwa kukataa dhabihu za Wagiriki, mambo hayakuwa safi kwa wote. Wakatoliki wanaijua sura ya 12 ya Wamakabayo kitabu cha pili kwa sababu ya kuwaombea marehemu. Yuda Mmakabayo na watu wake wanarudi kuwachukua wenzao walioanguka vitani wakiipigania Torati, na chini ya kanzu ya kila maiti wanakuta hirizi za sanamu za Yamnia. Yuda akachanga fedha kwa watu wake, drakma 2,000, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao, kisha wakazikwa na jamaa zao katika makaburi ya baba zao.